Chupa ya Serumu Aliishika Nani?

Ninaandika haya nikiwa nimelala vizuri. Waliopitia ugonjwa nilioupata wataelewa kwa nini naanza hapo. Jana nililala giza lilipoingia, nikaamka kuku wakiwa tayari uani, na mchana huu wote sijasinzia. Kwangu hilo bado si jambo dogo. Naandika kwa ajili ya mtu aliye mahali nilipokuwa mimi: anayelala na tonge mkononi, anayegombana na mama yake juu ya chumvi, anayeambiwa na kila mtu kwamba ni mvivu, na ambaye ameanza kukubali.

Nilikuwa stajiere, daktari mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, katika hospitali moja ya Kasongo ambayo jina lake nitaliacha. Nilisoma Bukavu, nikarudi kumalizia staji kwetu. Kwetu ni nyumba ya Waislamu wa mjini. Baba anauza vitambaa sokoni, mama anakaanga vitumbua. Mtaa mzima ulikuwa ukiniita Dokta kabla sijamaliza hata mwaka wa pili. Wazee waliniachia kiti. Mama alikuwa anaifua bluzi yangu nyeupe ya udaktari peke yake, mbali na nguo nyingine, na kuianika upande wa barabarani.

Udaktari una vitabu vyake, lakini namna ya kuwa daktari hufundishwa kwenye korido, kwa hadithi. Hadithi ya kwanza niliyopewa ilikuwa ya daktari mmoja wa zamani wa hospitali yetu. Siku moja wagonjwa walijaa hadi sakafuni, na yeye mwenyewe alikuwa na malaria kali. Akazunguka vitanda vyote huku serumu, maji ya dripu, ikiingia mkononi mwake kutoka kwenye chupa. Aliyetusimulia alikuwa daktari msimamizi wetu, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye sote tulimwita Shefu. Wenzangu waliinamisha vichwa kama msikitini. Mimi nikauliza:

"Shefu, na chupa aliishika nani?"

Wenzangu walicheka. Shefu hakucheka.

"Mademoiselle," alisema, "wengine wanaona dokta. Wewe unaona chupa."

Kwenye mzunguko wa vitandani hakuna stajiere aliyekaa. Hakuna aliyesema amechoka. Kuchoka kwenyewe kulikuwa ni cheo; tulikivaa kama wanajeshi wanavyovaa nyota. Mwenzangu Deo, mtoto wa wakulima wa Kabambare, akisema hajalala tangu juzi, hakuwa analalamika, alikuwa anajisifu, nasi tulitafuta haraka uongo mkubwa zaidi wa kumshinda. Kwa hiyo nilipoanza kulala saa zisizo za kulala, na kukesha macho makavu saa za kulala, hakuna aliyeona ugonjwa. Waliona gadi, kazi ya kukesha. Zamu za usiku humfanyia hivyo kila mtu. Deo alinikuta nimesinzia nimeegemea ukuta wa famasi, akaniwekea stetoskopu kwenye paji la uso.

"Moyo haumo humu," aliwaambia wengine. "Lakini nasikia mutu anakoroma."

Nilicheka nao. Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu mvua za mwaka uliopita. Ngozi iliniwasha, uso ulinivimba asubuhi kidogo kama wa mtu aliyelia. Siku moja Shefu aliniuliza swali mbele ya kitanda cha mzee mmoja, na katikati ya jibu langu mwenyewe nikalala nikiwa nimesimama. Aliyenishika kiwiko nisianguke alikuwa yule mzee, mgonjwa.

"Dokta iko na njaa," alinitetea.

"Dokta iko na uvivu," alisema Shefu, na mzunguko ukaendelea.

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Nilimtupia mdogo wangu sahani. Nilicheka matangani, kicheko kirefu ambacho sikujua kilipotoka, mbele ya mjane. Kisha siku zangu za mwezi zikakoma. Mama hakuniuliza kitu. Kwetu mambo ya namna hiyo hayaulizwi na mama, huulizwa na shangazi. Basi akaja Shangazi Sakina, dada mkubwa wa baba, akakaa kwenye kitanda changu na mkoba wake mapajani kama mtu wa ofisini.

"Mwayuma, mimi niko mutu mukubwa. Uniambie tu. Ni ya nani?"

"Nini ya nani?"

"Usinifanye mujinga. Unalala kama paka ya dukani. Harufu ya samaki unaikimbia. Na mama yako anasema vitambaa vyako havionekani tena kwenye kamba."

"Shangazi, hakuna kitu."

"Kitu iko. Kama ni ya ule Deo, ni Mkristo, lakini tutaongea."

Nilipima mkojo wangu mwenyewe, nikarudia tena wiki iliyofuata. Hakukuwa na mimba. Nilimwonyesha Shangazi, akasema vipimo vya hospitali ni vya wagonjwa, si vya wenye hila. Jambo linalonisumbua hadi leo ni hili: mimi ambaye huuliza kila kitu, niliyemuuliza ustadhi wa chuo chetu kwa nini, na Shefu chupa aliishika nani, sikujiuliza hata mara moja kama niko mgonjwa. Jibu lilikuwa limeshatengenezwa kabla yangu. Stajiere amechoka. Stajiere mzuri huvumilia. Ndani ya bluzi ile hapakuwa na nafasi ya mtu kuugua.

Mwanzoni mwa mwaka, mvua zilipopungua kidogo, hospitali ilituma timu Kabambare kuwapima watu ugonjwa wa kulala, ule unaoletwa na mbung'o. Tulikwenda kwa pikipiki: Shefu, fundi wa labo na darubini yake kifuani kama mtoto, Deo, na mimi. Njia ilikuwa tope na madaraja ya magogo. Tulivuka mto Luama nikiwa nimelala mgongoni mwa dereva, ambaye alinifunga kiunoni mwake kwa kitambaa ili nisimwangukie majini. Hata hilo tulilicheka.

Katika kijiji cha tatu hakuna aliyekuja. Yaani walikuja, lakini walisimama mbali na darasa tulipopanga meza. Walikuwa na sababu. Wazazi wao waliotibiwa zamani walirudi na masharti: miezi sita bila kula cha moto, bila kutembea juani, bila kulala na mume au mke. Na kuna sindano ya mgongo. Nani aache shamba la muhogo miezi sita ajifiche jua?

Kapita, mkubwa wa kijiji, mzee mchangamfu mwenye kofia ya sufi, alisogea kuzungumza kwa niaba yao.

"Hatukatai, dokta. Lakini hapa kwetu, mutu akikuletea kinywaji, yeye ndiye anaonja wa kwanza. Ninyi mumeleta sindano. Muonje."

Watu walicheka wakapiga makofi. Shefu naye alicheka, kisha akageuka.

"Mwayuma. Onja."

"Mleta kinywaji ni wewe, Shefu," nilimwambia kwa Kifaransa, polepole.

"Stajiere ni mkono wa dokta. Toa kidole."

Nilitoa kidole. Nilikiinua juu kwanza watu wakione, nikafanya uso wa kuogopa, watoto wakafurahi. Ulikuwa mchezo wa kuigiza. Fundi alidondosha damu kwenye kile kikaratasi cha kipimo, tukangoja kama wanaongojea chai ichemke. Kapita alinitania kwamba nina vidole vya mtu asiyejua jembe. Kisha fundi akamwonyesha Shefu kikaratasi, na Shefu akakifunika kwa dole gumba. Hakuwahi vya kutosha. Niliona mistari miwili, na mzima huonyesha mmoja.

Shefu aliinua mikono.

"Dokta iko muzima! Haya, mupange mustari!"

Wakapanga mstari. Nami nikafanya nini? Nikavaa glavu, nikaanza kuwachoma watu vidole. Ndivyo nilivyofundishwa. Mikono ilikuwa inafanya kazi na mimi nilikuwa mahali pengine kabisa.

Mchana tulijificha nyuma ya darasa. Shefu alinipapasa shingo, akakuta tezi, fundi akavuta maji yake kwa sindano na kuweka tone chini ya darubini. Aliangalia, akamwachia Shefu nafasi. Shefu aliangalia, akavua miwani.

"Nataka kuona mwenyewe," nikasema.

Nilimwona mdudu mwenyewe. Alikuwa mwembamba, anajipinda kati ya chembe za damu, anazisukuma kama mtu anayepita sokoni akiwa na haraka. Alikuwa na nguvu kuliko mimi. Nilifikiri: kumbe ni wewe uliyetupa sahani. Na papo hapo nikafikiri jambo lililonitisha zaidi: na maswali je? Yale maswali yangu yote, ukorofi wangu wote tangu nirudi Kasongo, ni yangu au ni yako?

Huenda nilimpata Nyangwe, kwa wajomba zangu, kando ya mto wanapofunga mitumbwi. Sijui. Nimejichosha kutafuta.

"Utatibiwa," Shefu alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, wala haikuwa mbaya. "Lakini kimya. Tutaandika malaria. Mwayuma, nisikilize. Huu ugonjwa unashika kichwa, na watu wanajua. Hata ukipona, siku utakayosahau jina la mutu watasema, si ni ule mwenye usingizi? Nani atamupa tumbo lake dokta kama huyo? Mimi nakulinda."

Naamini alikuwa anamaanisha. Ndiye pia aliyepaswa kupitisha staji yangu, na alijua kwamba ninalijua hilo. Nikasema sawa.

Tulirudi mezani. Mstari ulikuwa umefika kwa mwanamke mmoja mnene kiasi, mwenye mikono ya kulima, jina lake Mama Riziki. Alikuwa ameshapimwa, na darubini ilikuwa imeshamwona mdudu wake. Deo alikuwa anamweleza kwa Kibangubangu kwamba inabidi aende Kasongo. Mama Riziki alisimama, akakaza kitenge, akahamia Kiswahili ili sote tusikie.

"Huyu mutoto mwembamba," akaninyooshea kidole, "tangu asubuhi anasinzia kama mwenye kulewa. Yeye iko muzima. Mimi ninayelima mpaka jua linazama, niko mugonjwa? Kikaratasi yenu iko na upendeleo!"

Watu wakaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha kufungua mlango: mmoja akatoka kwenye mstari, wa pili akamfuata, mwingine akaanza kumwita mtoto wake. Mama Riziki alichukua jembe lake ukutani. Nilimtazama mgongo. Nilijua kinachomngoja nyumbani, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kukiishi: sahani, kicheko matangani, mume atakayesema amerogwa, kisha usingizi usio na mwisho. Na anaenda huko kwa sababu mimi ni mzima.

Natamani ningesema nilisimama kwa ujasiri. Nilikuwa nimechoka tu. Kushika ule uongo kulihitaji nguvu, na nguvu sikuwa nazo.

"Mama, kikaratasi haina upendeleo," nilisema. "Hata mimi niko nao."

"Mademoiselle," alisema Shefu.

"Wameuona shingoni mwangu, na mimi nimeuona kwa darubini. Ni uleule wako."

Kapita akavua kofia yake, akamwangalia Shefu.

"Kumbe. Aliyeonja ameona chungu, na wewe ukatuambia ni tamu."

Siwezi kudanganya kwamba ukweli wangu uliwashika wote. Wengi waliondoka, na sikuwalaumu. Walikuwa wamedanganywa na watu wenye bluzi, na mmoja wa watu hao nilikuwa mimi. Mstari ulibaki mfupi. Lakini Mama Riziki aliweka jembe chini.

"Na utakwenda huko Kasongo?"

"Nitakwenda."

"Watakuchoma mugongo?"

"Watanichoma."

"Basi wewe wa kwanza. Mimi nitakuwa naangalia."

Shefu hakunisemesha njia nzima ya kurudi. Wakati wa kuvuka Luama dereva alinifunga tena kitambaa, na safari hii hakuna aliyecheka.

Kama nawe unaenda kwenye benchi la wagonjwa, jua hivi: benchi ni refu kuliko unavyoliona ukiwa umesimama. Nilikuwa nimepita mbele ya benchi lile mara nyingi na sikuwahi kuona kwamba halina pa kuegemea. Nilikaa hapo na Mama Riziki, bluzi yangu imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Wenzangu walipita. Hawakujua wanisalimie kama nani, basi wakamsalimia Mama Riziki, ambaye hawakumjua kabisa.

"Una rafiki wengi wa kunisalimia," aliniambia.

Deo peke yake ndiye aliyekaa. Alikaa kwenye benchi, na bluzi yake mwilini, mbele ya watu. Alikula karanga zangu. Bado namshukuru.

Walinichoma mgongo. Nilikuwa nimewachoma wengine kwa mkono wangu, nikiwaambia "usijitikise, haiumi". Inauma. Kinachouma zaidi si sindano, ni kule kukunjwa kama mtoto huku watu wakizungumza juu ya kichwa chako. Mama Riziki alisimama mlangoni akaangalia mpaka mwisho, kama alivyoahidi, kisha akalala mahali palepale nilipolala. Maji ya mgongo yalionyesha kwamba kwa sote wawili mdudu alikuwa ameshafika kichwani. Tulipewa chumba kimoja.

Dawa ilikuwa serumu asubuhi na jioni, na vidonge vya kumeza baada ya kula. Ramadhani ilikuwa imeingia. Shangazi Sakina, aliyekuja safari hii bila mkoba, alijifanya mlinzi wangu, yule ndugu wa kukaa na mgonjwa. Alikuwa amefunga, na alipika wali na sombe, majani ya muhogo, mchana wa jua kali, akaleta chumbani, akakaa mbele yangu mpaka nimalize, midomo yake mikavu.

Chakula chenyewe kilikuwa baridi. Alikipepea kwa mfuniko tangu jikoni.

"Shangazi, hilo sharti ni la dawa za zamani. Hii haina shida na moto."

"Nani alikuambia?"

"Nimesoma."

"Ulisoma, na mududu akakula kichwa mbele ya vitabu vyako. Kula baridi."

Mama Riziki alimuunga mkono, naye akaletewa baridi. Wawili hao walikutana hapo, Mwislamu wa mjini na Mkatoliki wa shamba, wakakubaliana kabisa juu yangu. Nilikula wali baridi. Nilitapika mara nyingi, na mara zote Shangazi alishika beseni, akageuza uso ili harufu isimvunjie saumu, kisha akapakua upya.

Chumba kilikuwa na mti mmoja wa chuma wa kutundikia serumu. Wagonjwa tulikuwa wawili. Siku ya kwanza muuguzi aliangalia huku na huku, akatafuta msumari ukutani, msumari haukuwepo. Shangazi alichukua chupa yangu mkononi mwake.

"Nionyeshe ni juu kiasi gani."

Akaishika. Serumu ile huenda polepole, huwezi kuiharakisha. Mkono wa kulia ukichoka alihamishia kushoto, na ule uliobaki huru uliendelea na tasbihi. Nilikuwa namwona kutoka chini: kwapa la kanzu yake lililoloa, misuli inayotetemeka, midomo inayohesabu. Aliishika asubuhi na jioni, siku zote za serumu. Hakuna stajiere atakayesimuliwa.

Katika siku hizo nilikuwa kimya sana. Nilikuwa nangoja. Sikuogopa kufa kwa kweli. Niliogopa dawa itamtoa mdudu na kutoka naye mtu niliyemzoea, aniachie binti mpole anayeitikia kwa kichwa. Nililala, niliamka, nilijipima kwa siri: je, kuna kitu sikubaliani nacho leo? Hakikuwepo. Nilikubali kila kitu. Nikalia.

Mama alikuja jioni moja na vitumbua vya futari, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nilikuwazia vibaya," alisema, akitazama vitumbua.

"Hata mimi ningewaza hivyohivyo, mama."

"Lakini mimi niko mama yako."

Nikamwekea kitumbua mkononi. Tulikula.

Kisha, kuelekea mwisho wa vidonge, asubuhi moja Shangazi alikuwa anapepea wali. Nilimtazama muda.

"Shangazi, kama chakula cha moto ni kibaya kwa kichwa changu, kwa nini chai unaniletea ya moto?"

Mfuniko ulisimama hewani.

"Mama Riziki! Umesikia?"

"Nimesikia."

"Alhamdulillahi. Amepona. Ameanza tena kusumbua watu."

Hakunijibu lile swali, hadi leo.

Kupona kwenyewe kulichukua mvua zote zilizobaki. Usingizi ulirudi mahali pake vipande vipande. Uso ulipungua. Siku za mwezi zilirudi wakati watu wanavuna mpunga, na mama alipoona vitambaa kwenye kamba alimwita Shangazi, na Shangazi akapiga vigelegele uani mpaka majirani wakauliza nani ameolewa. Niliingia ndani nikajificha. Kama ni wewe, usijifiche. Ni furaha yao pia, na wameilipia.

Shefu hakupitisha staji yangu. Alinirudishia miezi yote niliyokosa na mingine juu yake. Alisema ni kwa sababu sikuhudhuria, na kweli sikuhudhuria. Nilivaa bluzi tena na kuanza upya na kundi la vijana wapya. Kuna wagonjwa waliouliza kama mimi ndiye yule mwenye usingizi. Nilisema ndiye. Baadhi waliomba dokta mwingine. Wengine walisogea wakanipa nafasi kitandani nikae, nami nikakaa, na Shefu akaniambia stajiere hakai, nami nikainuka, na kesho yake nikakaa tena. Tuliendelea hivyo bila kushindana kwa sauti. Sijui kama mimi ni daktari mzuri zaidi kwa sababu ya kuugua. Watu hupenda kusema hivyo. Ninachojua ni kwamba mtu akisinzia mbele yangu sasa hivi, simwiti mvivu kabla ya kumpapasa shingo.

Kiangazi kilipoingia tuliitwa kupimwa tena mgongo. Mama Riziki alikuja na pikipiki kutoka Kabambare, vumbi mpaka kwenye nyusi, na fungu la karanga kwa ajili yangu. Anakula cha moto sasa, na mumewe, alisema, ameacha kuhesabu miezi. Tulikaa kwenye benchi letu. Nilikuwa zamuni, kwa hiyo nilikaa na bluzi.

Shefu alipita na stajiere wapya, akasimama hatua chache kutoka kwetu. Alikuwa anawapa hadithi ile. Wagonjwa wamejaa hadi sakafuni, daktari ana malaria, serumu inaingia mkononi, vitanda vyote. Vijana waliinamisha vichwa. Mmoja wao, msichana, alikuwa anapigana na kope zake.

Sikupanga kusema kitu.

"Shefu, na chupa aliishika nani?"

Vijana waligeuka. Shefu aliniangalia, kisha akamwangalia Mama Riziki, aliyekuwa anamenya karanga na kungoja jibu kama mtu mwenye haki nalo. Alivua miwani yenye uzi, akaifuta kwa pindo la bluzi muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mke wangu," alisema. "Na alinitukana toka kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho. Alisema, huyu mujinga atakufa mbele ya watu ili wamupigie makofi."

Hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kucheka. Mama Riziki alicheka.

"Huyo mwanamke," alisema, "alikuwa na akili."

"Iko nayo bado," alisema Shefu. Akavaa miwani. Alimwangalia yule msichana wa kope nzito, akafikiri, akaonyesha mwisho wa benchi kwa kidevu. "Wewe. Kaa hapo kidogo." Kisha akaendelea na mzunguko, na wengine wakamfuata.

Mlango ulifunguliwa, wakaita jina langu, bila Dokta mbele yake. Nilisimama nikavua bluzi. Nilitafuta msumari wa kuitundika, na kama kawaida hapakuwa na msumari.

"Lete," alisema Mama Riziki, akajifuta maganda ya karanga mikononi, akaipokea.